Wastani wa Alama Hautuambii Shule Imefundisha Nini

Wizara ya Elimu ya Kenya ilizipanga shule za sekondari pevu, yaani za Gredi ya 10 hadi 12, katika makundi manne: C1 ni zile zilizokuwa za kitaifa, C2 zinazopokea wanafunzi wengi kutoka nje ya kaunti, C3 za kaunti, na C4 za kaunti ndogo, ambazo nyingi ni za kutwa. Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waingie Gredi ya 10 Januari 2026, kundi hilo la mwisho limegeuka tishio hapa Kisumu na kote Magharibi. Wazazi waliokuta mtoto amepangiwa C4 walihangaika kumtafutia nafasi kwingine, na zipo shule za kutwa zilizofungua muhula zikiwa na Gredi ya 10 ya kuhesabika kwa vidole. Maelezo yaliyoenea ni kwamba wanafunzi wamezikimbia shule hizo kwa sababu hazifundishi, na ushahidi unaotolewa ni wastani wao wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unaozunguka D mwaka baada ya mwaka. Nadhani ushahidi huo unasomwa vibaya. Wastani wa alama za shule hueleza kwanza ni nani aliyeingia langoni, na baadaye sana ndipo hueleza kilichofanyika darasani. Tukiusoma kinyume tutafunga shule zinazobeba mzigo mzito kuliko zote, na tutazisifu zile zilizopewa watoto ambao huenda wangefaulu hata kwingine.

Turudi nyuma kidogo tuone wanafunzi walivyokuwa wakigawanywa. Kuanzia 1985 hadi 2023 KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa ndio mchujo. Shule za kitaifa zilichagua kwanza, kisha za mkoa na baadaye za kaunti, na waliobaki wakapelekwa shule za jirani, au wakarudi nyumbani kabisa. Maseno, shule ya kitaifa ya wavulana iliyoanzishwa 1906, haikupaswa kumfundisha kijana kusoma aya moja ya Kiingereza. Alifika akiijua, pamoja na hesabu za sehemu na desimali. Shule ya kutwa iliyo kilomita chache kutoka hapo ilipokea waliosalia katika orodha ileile. Miaka minne baadaye shule zote mbili zilifanya mtihani mmoja, siku moja, kwa karatasi ileile, kisha tukachapisha wastani wao kana kwamba walianzia mstari mmoja. Ni sawa na kumsifu mvuvi kwa samaki waliokuwamo mtumbwini kabla hajaondoka ufukweni.

Jambo lililobadilisha sura ya shule za kutwa zaidi ya lolote lingine ni kufunguliwa kwa milango. Elimu ya msingi bila malipo ilianza 2003. Mwaka wa 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari kwa shule za kutwa, na kuanzia 2018 sera ya kila mtoto kuendelea na sekondari ikatekelezwa kwa nguvu, machifu wakitumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Watoto walioingia kwa njia hiyo hawakugawanywa sawasawa kati ya shule zote. Shule kubwa za bweni zilikuwa zimejaa na ziliendelea kuchagua. Wale wa alama 150 na 180 kati ya 500, ambao miaka kumi nyuma wangekuwa wakiuza maji au kulisha ng'ombe wa mjomba, walikwenda shule ya kutwa iliyo karibu. Tuseme shule ya namna hiyo ilikuwa na watahiniwa 50, na 10 kati yao wakapata C+ au zaidi. Ikapokea watoto wa ziada hadi ikawa na watahiniwa 120, na 18 wakapata C+. Kwa hesabu ya asilimia imeshuka kutoka 20 hadi 15, na mkutanoni mwalimu mkuu ataulizwa kwa nini shule inazama. Lakini vijana wanane zaidi wamepata alama ya kuingia chuo kikuu, na wengine kadhaa wamepata D+ au C- inayowafungulia mlango wa chuo cha kiufundi. Shule hiyo imefanya kazi zaidi, na wastani wake unasema imefanya kidogo.

Kipimo chenyewe nacho husogea, jambo ambalo wanaolinganisha miaka hulisahau. Mwaka 2022 waliopata C+ na zaidi nchini walikuwa 173,345. Mwaka 2023 wakawa 201,133. Na mwaka 2024, kati ya watahiniwa 962,512, wakafika 246,391. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na mabadiliko ya 2023 katika kukokotoa gredi, ambapo masomo yanayohesabiwa kwa lazima yalibaki Hisabati na lugha moja, halafu masomo matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Shule iliyopanda kutoka D+ hadi C- katika kipindi hicho haikufundisha vizuri zaidi kwa lazima. Na iliyobaki palepale huenda ilikuwa ikiwapokea watoto dhaifu zaidi kila mwaka.

Sasa tuwatazame hao walio darasani. Katika shule ya kutwa inayohudumia Nyalenda, Manyatta au Obunga, mitaa ya wenye kipato cha chini hapa Kisumu, mwanafunzi wa kawaida anaishi chumba kimoja na ndugu zake. Jioni, saa ambazo mwenzake wa bweni yuko darasani kwa usomaji wa usiku, taa inawaka na mwalimu wa zamu anapita, yeye yuko katika chumba kinachopikiwa, kinacholaliwa na kinachopokea mzigo wa mama anayerudi kutoka soko la Kibuye. Jumamosi anabeba mchanga au anaosha pikipiki za bodaboda ili pesa za chakula cha mchana shuleni zipatikane. Kanda hii ya ziwa imeumizwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingine ya nchi, kwa hiyo wapo wengi waliolelewa na nyanya. Wapo wasichana waliorudi darasani baada ya kujifungua, haki wanayopewa na sera iliyokuwapo tangu 1994, na wanaporudi huchagua shule ya kutwa kwa sababu mtoto yuko nyumbani. Upande wa Kano, mto Nyando unapovunja kingo, masomo husimama na madarasa hugeuka makao ya waliokimbia maji, huku ratiba ya mtihani wa kitaifa ikibaki ilivyo. Wasichana sasa ni nusu ya watahiniwa wa KCSE, na mwaka 2024 waliwapita wavulana kidogo, 482,202 kwa 480,310. Mafanikio hayo yana mchango mkubwa wa shule za kutwa, zilizowapokea wale ambao familia zisingeweza kuwalipia bweni. Wastani wa shule hauna mahali pa kuandika hilo.

Je, shule ikipokea watoto wenye uwezo tofauti, inaleta tofauti kiasi gani yenyewe? Swali hili limechunguzwa hapa kwetu kwa kina ambacho nchi nyingi za Afrika hazijabahatika kukipata. Mwaka 2014 Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu shule za sekondari za Kenya. Waliwatazama wanafunzi waliokaribiana sana kwa alama za KCPE, wengine wakiwa juu kidogo ya mstari wa kuingia shule ya kitaifa na wengine chini yake kidogo tu. Walioingia walipata wenzao hodari, maabara, maktaba na jina. Kama shule ndiyo inayozaa matokeo, tofauti ingeonekana waziwazi katika KCSE. Haikuonekana kwa kiasi cha kutajika. Tukubali kwamba utafiti huo unawahusu walio karibu na mstari, wala haumsemei mtoto wa alama 180. Hata hivyo unaiondolea hadithi ya wastani nguzo yake kuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sifa tunazozipa shule zinazoongoza ni ya watoto walioingia wakiwa tayari mbele.

Utafiti wa pili unanigusa zaidi kwa sababu ulifanywa Bungoma na Butere-Mumias, baada ya elimu bila malipo kujaza madarasa ya kwanza kupita kiasi. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za msingi zilizopewa mwalimu wa ziada wa kandarasi ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa uwezo wao wa awali. Katika 61 waligawanywa bila kufuata uwezo. Wengi wangetarajia watoto wa kundi la chini waumie kwa kutengwa na wenzao wanaojua zaidi. Kilichotokea ni kwamba makundi yote mawili katika shule zilizogawa kwa uwezo yalifanya vizuri kuliko wenzao wa shule nyingine. Watafiti wenyewe walikiri kwamba kukaa na wenzako hodari kuna faida. Lakini mwalimu anayejua kwamba darasa lake lote liko ngazi moja huanzia pale watoto walipo, na faida hiyo ni kubwa vilevile. Uchunguzi mwingine wa Busia na Teso, uliochapishwa 2009, ulionyesha upande wa pili: vitabu vya kiada vilipogawiwa shuleni, walionufaika ni wale tu waliokuwa tayari wanaongoza, maana vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kasi ambayo wengi hawakuiweza. Tukiziweka tafiti hizi pamoja tunaona kitu ambacho wastani hauwezi kukionyesha. Mtoto aliyeanza nyuma huendelea akifundishwa kutoka mahali alipo, na hukwama silabasi ikimpita. Shule ya kutwa inatakiwa ifuate silabasi ileile ya Maseno, kwa kasi ileile, kisha inalaumiwa watoto wakikwama.

Wanaotetea wastani wana hoja zao, na moja ni nzito. Wanasema mzazi wa kawaida hana kitu kingine cha kuishikia shule. Serikali ilipopiga marufuku kuorodhesha shule bora mwaka 2014, Jacob Kaimenyi akiwa waziri, wazazi hawakuacha kuulizana. Orodha ziliendelea kutengenezwa na magazeti na shule zenyewe, na pale ambapo hazikuwapo mwalimu mzembe alipata mahali pa kujificha. Nakubaliana nao kwamba kuficha takwimu si tiba. Mzazi wa Kondele anayetoa pesa ya chakula kwa taabu ana haki ya kujua kama mwalimu wa Hisabati huingia darasani. Ila wastani haumwambii hilo. Unamwambia kwamba shule imepokea watoto wa alama 180, jambo alilolijua siku ya kwanza alipompeleka wake.

Hoja nyingine nzito inatoka upande wangu mwenyewe, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ukishasema kwamba matokeo yanatokana na walioingia, umempa mwalimu mvivu kisingizio kamili. Nimesikia katika vyumba vya walimu maneno ya aina hii: hawa ni watoto wa kutwa, usitarajie mengi. Kauli hiyo ni hatari kuliko D yoyote, kwa sababu mtoto huisikia na kuamini. Dawa yake ni kupima kile ambacho shule inaweza kulaumiwa nacho kwa haki: mtoto ameingia na nini na ametoka na nini. Kwa kipimo hicho, shule mbili za kutwa zinazopokea watoto wa aina moja kutoka mitaa ileile zitatofautiana, na anayezembea ataonekana mapema kuliko anavyoonekana leo, akiwa amejificha kati ya mamia ya shule zenye D. Kadhalika shule kubwa yenye B+ ambayo watoto wake waliingia na alama za A itaonekana imewarudisha nyuma. Sijui wazazi wangapi wa shule zenye majina wangependa kuuona ukurasa huo, lakini ni haki yao wote kuuona.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwenye redio na vikao vya baraza: kwamba watoto wa shule za kutwa na wazazi wao hawajali masomo. Mzazi asiyejali hangemtafutia kijana wa miaka 19 nafasi ya kurudi kidato cha pili. Msichana asiyejali hangemwacha mtoto mchanga kwa mama yake saa kumi na mbili asubuhi akaenda kufanya mtihani wa Kemia. Na kama kasoro ingekuwa hamu ya watoto, kundi la chini kule Bungoma lisingeinuka kwa kubadilishiwa tu namna ya kufundishwa. Miaka michache iliyopita nilialikwa siku ya tuzo katika shule moja ya kutwa hapa jijini. Zawadi zilikwenda kwa waliopata C+ na zaidi, na mgeni rasmi akahutubia kuhusu bidii. Mwalimu mmoja aliyeajiriwa na bodi alininong'onezea kuhusu kijana aliyekaa nyuma: aliingia na alama 170 na kitu, akatoka na C kamili. Hakuitwa mbele. Sioni jinsi ambavyo shule yoyote inayosifiwa katika kaunti hii ilifanya kazi kubwa kuliko ile mwaka huo.

Suala la kuunganisha shule nitaligusia kwa kifupi. Ni kweli kwamba tangu fedha za maendeleo ya maeneo bunge zianze 2003, baadhi ya shule zilijengwa kwa sababu za kura, mbili zikitazamana kuvuka barabara, na sioni ubaya wa kuziunganisha. Ubaya ni kutumia wastani kuchagua ya kufungwa, bila kuhesabu ni kilomita ngapi msichana wa Nyakach au Seme atatembea alfajiri kwenda hiyo iliyobaki.

Lakini penye madhara makubwa zaidi ni kwenye fedha na mikondo. Kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi wa sekondari kimekuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Taifa kwamba serikali haiwezi kukilipa chote. Kinachofika ni karibu 17,000. Mgao huo ni mmoja kwa mtoto aliyeingia akijua na kwa mtoto anayehitaji kufundishwa upya hesabu za Gredi ya 6. Shule ya kitaifa ina nyongeza ya karo ya bweni ya shilingi 53,554 na umoja wa wahitimu walio mawaziri na wafanyabiashara. Shule ya kutwa ina pesa za chakula, ambazo mwalimu mkuu anajua kabisa kwamba theluthi ya wazazi wake hawatazimaliza. Pesa za serikali zikipungua, shule ya kwanza huahirisha kununua basi, na ya pili humwachisha kazi mwalimu wa Fizikia aliyeajiriwa na bodi, kwa kuwa wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hajaletwa.

Mfumo mpya umeongeza uzito wa tofauti hiyo. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 mtoto wa kutwa alikosa maabara nzuri, lakini bado alifanya Kemia na Biolojia kama wenzake. Sasa kuna mikondo mitatu: wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa pili ni Sayansi za Jamii; na wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila shule inatakiwa kutoa walau miwili, wa sayansi ukiwemo. Shule kubwa za bweni zinaweza kutoa yote mitatu. Katika shule nyingi za C4 mkondo wa sayansi utakuwapo kwenye karatasi, ukiwa na chumba kimoja cha maabara, mitungi ya gesi iliyokwisha na mwalimu mmoja wa masomo mawili. Binti wa Nyamasaria mwenye kipaji cha hesabu, aliyepangiwa hapo kwa sababu familia haiwezi kulipa bweni, atasukumwa polepole kwenye mkondo ambao shule inaumudu. Mwaka 2029 tutakapohesabu wanaosomea uhandisi na udaktari, tutasema watoto wa kutwa hawapendi sayansi. Kama kuna mahali pa kuanza kupeleka walimu wa sayansi na vifaa, ni C4, hata kabla ya C1 kujengewa bweni jingine.

Mfumo huohuo umetupa pia kitu ambacho hatujawahi kukitumia vizuri. Kila mtoto aliyeingia Gredi ya 10 ana alama ya kuingilia iliyojengwa kwa hatua: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni, na asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9, ambao zaidi ya watoto milioni 1.1 waliufanya kwa mara ya kwanza 2025. Baraza la Mitihani, KNEC, linazo alama hizo zote kwa namba ya kila mwanafunzi. Kundi hili litafanya mtihani wa mwisho 2028. Kuchapisha matokeo ya kila shule kwa safu mbili, alama walizoingia nazo na walizotoka nazo, pamoja na idadi ya waliosajiliwa Gredi ya 10 na idadi ya waliofika mwisho, hakuhitaji mtihani mpya wala fedha nyingi.

Safu hiyo ya idadi ni ya lazima kama hizo nyingine. Walimu wakuu wanaopimwa kwa wastani wana njia ya kuuinua bila kufundisha: kumshauri mtoto dhaifu arudie darasa, kumhamisha kabla ya usajili wa mtihani, kumpeleka akafanyie mtihani kituo kingine, au kumwacha tu apotee baada ya kukosa pesa muhula mmoja. Hayo yanafanyika, na kila mwalimu anayafahamu. Kipimo kikiwa ni hatua aliyopiga kila mtoto aliyepokewa, na waliopotea njiani wakihesabiwa dhidi ya shule, mtoto wa alama ya chini anaacha kuwa hasara na anakuwa nafasi ya shule kujionyesha. Tangazo la KNEC kuhusu kitakachochapishwa 2028 linapaswa kutoka mwaka huu, maana walimu wakuu wameshaanza kuamua ni nani wa Gredi ya 10 wanayetaka kufika naye mwisho.